Kusoma historia na uhusiano wa kimataifa kwa pamoja chuo kikuu: je, nitakuwa nusu huku na nusu kule?

Binti wa Shangani (Mtwara) ameuliza:

Shikamooni wakubwa zangu, na habari za leo wenzangu.

Nimehitimu kidato cha sita hapa Mtwara kwa tahasusi ya HGL (historia, jiografia na Kiingereza), na namshukuru Mungu kwamba matokeo yangu yananiruhusu kuomba chuo. Tangu kidato cha tatu nimeipenda historia kuliko somo jingine lolote, lakini kadiri nilivyokua nimejikuta nikivutwa vilevile na uhusiano wa kimataifa, kwa sababu mambo ambayo watu wa mikoa mingine huyasikia katika taarifa ya habari, sisi huku hutufikia mlangoni. Kijiji cha Kitaya kilipovamiwa Oktoba 2020 na watu wenye silaha waliotokea Msumbiji, ng'ambo ya mto Ruvuma, nilikuwa bado mdogo, lakini nakumbuka namna watu wazima walivyozungumza kwa sauti ya chini, na namna kila mmoja alivyokuwa na maelezo yake kuhusu chanzo cha vita ya Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji. Hakuna maelezo hata mamoja yaliyoniridhisha. Nilitamani kujua ni nini kilichotangulia, na pia ni kwa nini serikali za nchi mbalimbali zilichukua hatua zilizochukua.

Shida yangu ni hii. Baba mdogo, ambaye ndiye atakayebeba sehemu kubwa ya gharama zangu, ananiambia kwamba mshika mbili moja humponyoka, na kwamba mtu anayesoma masomo mawili hutoka chuoni akiwa hajaiva katika lolote. Angependa nisome sheria au ualimu. Sitaki kumbishia kwa sababu ya kupenda tu. Nataka nimjibu kwa hoja, na kama yeye ndiye mwenye haki, nikubali mapema kabla dirisha la maombi halijafungwa. Je, masomo haya mawili yanajengana kweli, au yanagombania muda wa mwanafunzi? Na kama yanajengana, lipi liwe msingi?

Natanguliza shukrani zangu.

---

Mwalimu wa Masasi amejibu:

Marahaba, mwanangu, na hongera kwa kumaliza salama.

Nimefundisha historia katika shule za sekondari za wilaya hii kwa miaka kumi na minane, na swali lako nimeletewa na wanafunzi mara nyingi, ingawa ni wachache waliolieleza kwa uwazi kama wewe. Methali aliyoitumia baba yako mdogo ni ya kweli kwa vitu viwili vinavyokimbilia pande mbili. Kinachofaa kuulizwa ni kama haya ni vitu viwili vya namna hiyo. Mimi nasema sivyo, na nitakuonyesha kwa mfano wa mahali ambapo familia nyingi za Mtwara zina ndugu.

Kionga iko kusini ya mdomo wa Ruvuma, na leo ni sehemu ya wilaya ya Palma nchini Msumbiji. Desemba 1886 Ujerumani na Ureno zilikubaliana kwamba Ruvuma ndio uwe mpaka kati ya makoloni yao, lakini pale mto unapoingia baharini maelewano yao hayakuwa imara, na mwaka 1894 Wajerumani wakaikalia Kionga. Ujerumani ilipoitangazia Ureno vita Machi 1916, haukupita muda mrefu kabla Wareno hawajaichukua, mwezi Aprili mwaka huohuo, na mwaka 1919 mkutano wa amani wa Paris ukaithibitisha kuwa mali ya Ureno. Ardhi ni ndogo sana. Hata hivyo ilibadilishwa mikono mara mbili katika miaka isiyozidi thelathini, na wenyeji wake hawakuulizwa hata mara moja.

Sasa mpeleke hapo mwanahistoria. Atauliza nani waliishi Kionga, walimlipa nani kodi mwaka 1890 na nani mwaka 1900, barua zipi zimebaki na ziliandikwa kwa lugha gani, na wazee wa pande zote mbili za mto wanasimulia nini ambacho hakimo katika barua hizo. Hataridhika mpaka ajue kila habari imetoka wapi na mwandishi wake alikuwa na sababu gani ya kuiandika. Mpeleke baada yake msomi wa uhusiano wa kimataifa, naye atauliza maswali mengine: kwa nini mataifa makubwa yaliyokaa Paris yakishughulikia mustakabali wa Ulaya yalijisumbua na kipande cha pwani kama kile, mpaka una maana gani kwa dola ambayo haina watumishi wa kutosha hata wa kuulinda, na kwa nini wakuu wa nchi za Afrika waliokutana Cairo Julai 1964 walikubaliana, kwa hoja iliyotolewa na Mwalimu Nyerere, kuiheshimu mipaka ileile iliyochorwa na wakoloni, huku Somalia na Morocco zikikataa.

Ukisoma la kwanza peke yake, unaweza kuishia mwaka 1919 ukiwa na habari nyingi nzuri ambazo hujui zinaamua nini katika maisha ya leo. Ukisoma la pili peke yake, utaanzia mwaka 1964 kana kwamba mpaka ulijiotea wenyewe kama nyasi. Mtu wa Mtwara anayeishi na mpaka huu kila siku anahitaji yote mawili ili aelewe kwa nini shangazi yake aliyeolewa ng'ambo ni raia wa nchi nyingine.

Kwa hiyo mwambie baba mdogo, kwa adabu, kwamba umeshika kitu kimoja kwa mikono miwili.

Nina onyo moja tu, na ninalitoa kwa sababu nimewaona vijana wakiumia. Masomo yote mawili ni ya kusoma sana. Mwanafunzi anayetegemea daftari la mwalimu na maswali ya mitihani iliyopita hupita kidato cha sita, lakini chuoni huzama, kwa kuwa anaweza kukuta idara mbili zikimdai insha mbili katika wiki moja, kila moja ikiwa na vitabu vyake. Anza sasa kujizoeza kusoma kitabu kizima hadi mwisho na kuandika kwa ukurasa mmoja mwandishi anadai nini na ushahidi wake ni upi. Usisubiri barua ya kupokelewa.

---

Mstaafu wa Lindi amejibu:

Mjukuu wangu, nimekusoma, na nimemsoma pia mwalimu, ambaye namheshimu kwa maelezo yake ya Kionga. Nimelitumikia taifa hili katika utumishi wa umma kwa zaidi ya miaka thelathini, na ningependa nitofautiane naye katika jambo moja: mimi naona historia iwe msingi peke yake kwanza, na uhusiano wa kimataifa uje baadaye.

Nitaeleza kwa nini, na nitaanzia Nachingwea, nilikokulia.

Mwaka 1947 serikali ya Uingereza, iliyokuwa imetoka vitani ikiwa na deni kubwa kwa Marekani na wananchi wake wakipata mafuta ya kula kwa mgao, iliamua kulima karanga katika Tanganyika kwa kiwango ambacho hakikuwahi kuonekana. Maeneo yalikuwa matatu: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Bandari ya kina kirefu ya Mtwara na reli ya kusini zilijengwa kwa ajili ya karanga hizo. Walioupanga mpango huo hawakujipa muda wa kuujua udongo, mvua wala mizizi ya pori letu, na mwaka 1951 serikali yao ikauacha, ikiwa imepoteza mamilioni ya pauni. Reli nayo iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na mpaka leo mkoa wa Lindi na mkoa wa Mtwara haina reli. Mtu aliyekaa Nachingwea wakati ule akitazama matrekta yakikwama hakuweza kujua kwamba yaliletwa na uhaba wa dola katika benki za London. Hapo namkubalia mwalimu kikamilifu: ya kijijini na ya ulimwenguni ni habari moja.

Lakini endelea. Katika eneo ambalo hadi leo linaitwa Farm 17, jina lililobaki tangu enzi ya mashamba ya karanga, wapigania uhuru wa Msumbiji, FRELIMO, walikuja kuweka kambi yao kuu ya mafunzo kuanzia katikati ya miaka ya 1960. Samora Machel aliishi na kufundisha pale. Chama chao kiliundwa Dar es Salaam Juni 1962, vita yao ilianza Septemba 1964, na Mei 1975 Samora aliondoka Nachingwea, akavuka Ruvuma na kuanza safari ndefu ya kushuka hadi mji mkuu, ambako uhuru ulitangazwa tarehe 25 Juni 1975. Mimi nilikuwa mtoto wa karani. Usiku tulisikia malori yakipita, na baba alituambia kwamba ya malori hayaulizwi. Tulikua bila kuuliza. Tulipofikia umri wa kuuliza, waliokuwa na majibu walikuwa wameanza kufa, na mimi mwenyewe, niliyekuwa na elimu na kalamu, sikuandika chochote. Hilo linaniuma hadi leo.

Ndiyo maana nasema historia kwanza. Nadharia za uhusiano wa kimataifa ziko vitabuni, nazo zitakusubiri. Mzee wa Nachingwea, wa Rutamba au wa Kitangari hatakusubiri. Kijana akitumia miaka mitatu kujifunza namna ya kuhoji mashahidi, kulinganisha simulizi na nyaraka, na kuitambua habari iliyopambwa, atakuwa na stadi ambayo hakuna kozi nyingine itakayompa kwa ukamilifu ule. Baada ya hapo kuna Chuo cha Diplomasia, Kurasini, ambacho sasa kinaitwa kwa jina la Dkt. Salim Ahmed Salim, na ambacho kinapokea wahitimu wa shahada za fani mbalimbali kwa stashahada ya uzamili. Watu wa kusini tungepaswa kukijua zaidi chuo kile, kwani kilianzishwa mwaka 1978 kwa makubaliano ya Tanzania na Msumbiji, nchi mbili zilizokuwa zimeshirikiana katika vita ya ukombozi na kisha zikaona haja ya kuwaandaa wanadiplomasia wao pamoja.

Tazama pia njia waliyopita wakubwa wetu. Hayati Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso huko kwa mwalimu Masasi, alisoma Kiingereza Makerere hadi mwaka 1962, ndipo akaenda Chuo Kikuu cha Columbia, New York, kusoma mambo ya kimataifa. Baadaye aliiongoza Wizara ya Mambo ya Nje kwa vipindi viwili kabla ya kuwa Rais mwaka 1995. Hayati Bernard Membe wa Rondo, aliyeiongoza wizara hiyo kuanzia mwaka 2007 hadi 2015, alisoma siasa Dar es Salaam kabla ya kwenda Johns Hopkins. Kila mmoja alijenga nyumba kwanza, halafu akaweka paa.

---

Mwanafunzi wa mwaka wa tatu, kutoka Newala, amejibu:

Shikamoo babu, shikamoo mwalimu. Dada, habari yako.

Ninasoma Dar es Salaam, na kwa miaka hii mitatu nimechukua kozi za historia na za uhusiano wa kimataifa kwa pamoja, kwa hiyo naomba niseme ninachokijua kutoka ndani. Kwa heshima zote, babu, sikubaliani kwamba moja lisubiri. Simulizi ya Nachingwea imenigusa kiasi cha kuisoma mara mbili, lakini naona kwamba wewe mwenyewe uliposema habari ya dola na benki za London, ulikuwa umeshafanya kazi ya masomo yote mawili kwa wakati mmoja.

Nieleze lililonipata. Muhula wa kwanza, katika kozi ya uhusiano wa kimataifa, tuliulizwa kama nchi ndogo inaweza kuwa na sera ya nje iliyo huru. Niliandika kurasa sita za matukio kwa mpangilio wa miaka, bila kosa katika tarehe hata moja, na nikapata alama za chini kabisa darasani. Mhadhiri aliandika pembeni kwamba nimesimulia vizuri lakini sijajibu. Muhula uliofuata, katika historia, nikajirekebisha kupita kiasi: nikaandika insha iliyojaa nadharia na isiyokuwa na chanzo hata kimoja cha wakati ule, na safari hii nikaulizwa nimeyajuaje hayo yote. Katika aibu hizo mbili ndipo nilipojifunza. Kama ningesoma historia peke yake miaka mitatu, kosa la kwanza lingekuwa tabia, na kulivunja baadaye kungekuwa vigumu.

Nilipolirudia swali lile la nchi ndogo, nilitumia mfano ambao nadhani utakusaidia kumweleza baba mdogo. Nadharia ya uhalisia, ambayo ni ya kwanza kufundishwa, hudai kwamba mwenye nguvu hufanya awezalo na mnyonge huvumilia. Baada ya Muungano wa Aprili 1964 serikali yetu ilijikuta na tatizo: Zanzibar ilikuwa imeshaitambua Ujerumani Mashariki, na Ujerumani Magharibi, iliyokuwa ikitoa msaada mkubwa bara, haikukubali nchi rafiki iitambue ile nyingine. Mwalimu Nyerere alitafuta njia ya kati, kwamba ubalozi wa Zanzibar ufungwe na Ujerumani Mashariki ibaki na ofisi ya konseli mkuu Dar es Salaam, bila kutambuliwa kuwa dola. Bonn, yaani serikali ya Ujerumani Magharibi, ikajibu Februari 1965 kwa kuuondoa msaada wake wa kijeshi. Kwa mujibu wa nadharia, tulipaswa kuinama. Mwalimu akawaambia waondoe na misaada mingine ya serikali yao. Desemba mwaka huohuo Tanzania ikavunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza kwa kutouzima utawala wa Wazungu wachache waliojitangazia uhuru Rhodesia (leo Zimbabwe), ikijua itapoteza mkopo wa pauni milioni 7.5, na ikaupoteza.

Mtu wa nadharia peke yake ataita mambo hayo ukaidi na kuendelea na mfano mwingine. Mtu wa matukio peke yake ataona fahari na kuishia hapo. Mwenye masomo yote mawili analazimika kukaa na ugumu: kama nadharia imeshindwa, imeshindwa wapi, na kama tulilipa gharama, nani hasa aliilipa, na je, uhuru ule ungewezekana bila China na nchi nyingine kuwa tayari kutusaidia? Nilibaki na swali hilo likizo nzima. Sijawahi kufurahi kusoma kama nilivyofurahi mwezi ule.

Kuna sababu nyingine, nayo ni nzito zaidi kwangu. Somo la uhusiano wa kimataifa lilizaliwa Ulaya. Kiti cha kwanza cha uprofesa wake kiliwekwa mwaka 1919 katika chuo cha Aberystwyth, Wales, na watu waliokuwa wameona maafa ya vita ya kwanza ya dunia na kutaka kujua namna ya kuzuia nyingine. Nia ilikuwa njema, lakini vitabu vilivyofuata vingi huanza na Amani ya Westphalia ya mwaka 1648, iliyomaliza vita ya miaka thelathini huko Ulaya, na kututaja sisi pale tu tunapogawanywa Berlin. Mwanafunzi asiye na historia hana la kusema. Aliye nayo atauliza Kilwa iko wapi katika kitabu hicho. Kilwa ilibadilishana bidhaa na wajumbe na watu wa ng'ambo ya bahari karne nyingi kabla ya Wareno kuivamia mwaka 1505. Na si kwa fahari tu: mwaka 1776 Sultani wa Kilwa aliwekeana mkataba na mfanyabiashara Mfaransa aliyeitwa Morice wa kumpatia watumwa 1,000 kila mwaka. Ule ni mkataba wa kimataifa, uliowekwa na mtawala wa pwani yetu kwa hiari yake, na waliouzwa ni watu wa bara letu. Tulikuwa washiriki, kwa mema na kwa mabaya, na kulisema hilo darasani kwa ushahidi ni kazi inayotungoja sisi watu wa Lindi na Mtwara zaidi ya mtu mwingine yeyote.

Sasa mambo ya utaratibu, kwa kifupi. Usichague kwa jina la programu. Tafuta orodha ya kozi zake za miaka yote mitatu. Huko Uingereza shahada inayounganisha masomo haya mawili ni jambo la kawaida, miaka mitatu England na minne Scotland, ukigawa kozi karibu nusu kwa nusu. Huku kwetu mara nyingi utajiandikisha katika programu moja na kuchukua kozi za hiari kutoka idara nyingine, na kila chuo kina masharti yake kuhusu idadi ya kozi hizo. Soma mwongozo wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) wa mwaka husika, kisha uliza idara yenyewe maswali mawili: kama mbinu za utafiti wa nyaraka na simulizi zinafundishwa, na kama tasnifu ya mwaka wa mwisho inaweza kuvuka mipaka ya idara.

Na ujifunze Kireno. Ni moja kati ya lugha nne rasmi za SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, ni lugha ya nyaraka za ng'ambo ya mto wetu kwa karne nne na zaidi, na darasani kwetu wanaoijua wanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Aliyekulia Mtwara, akisikia redio za Msumbiji na maneno ya wafanyabiashara wa Kilambo, ameshatangulia hatua kadhaa.

---

Mwalimu wa Masasi ameongeza:

Nimefurahi kusoma majibu haya. Niseme jambo moja ambalo baba mdogo atalitaka, nalo ni riziki. Shahada ya sanaa isiyokuwa ya ualimu haikupi moja kwa moja sifa ya kufundisha katika shule za serikali. Utahitaji stashahada ya uzamili ya elimu baadaye, na ni vizuri alijue hilo leo kuliko kulijua siku ya mahafali. Nafasi za maofisa wa Mambo ya Nje ni chache na hugombaniwa na wengi kupitia Sekretarieti ya Ajira. Lakini mlango si mmoja. Arusha pekee ina makao ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Kuna mashirika yanayohudumia wakimbizi, kuna uandishi wa habari, idara ya uhamiaji, makumbusho na hifadhi za nyaraka. Katika sehemu zote hizo anatafutwa mtu anayeweza kusoma kurasa mia mbili zinazopingana na kumwandikia mkuu wake kurasa mbili zinazoaminika.

Nikirudi kwenye tofauti kati ya mstaafu na kijana wa Newala, mimi nimebadilika kidogo. Nilisema mikono miwili. Sasa naona kwamba mkono wa historia ndio unaopaswa kushika kwa nguvu zaidi katika mwaka wa kwanza, kwa sababu kijana akizoea nadharia kabla hajazoea ushahidi, huanza kuuchagua ushahidi unaoifurahisha nadharia. Lakini usingoje miaka mitatu.

---

Binti wa Shangani amejibu:

Nawashukuru nyote kwa moyo mkunjufu. Nilimsomea baba mdogo majibu haya jana jioni, yote, kwa sauti. Alinyamaza sana pale mstaafu alipoeleza habari ya malori ya usiku. Kisha akaniambia jambo ambalo sikuwahi kulisikia: kwamba bibi yetu, mama yake yeye na baba yangu, alizaliwa upande wa Mueda, na alivuka Ruvuma kwa mtumbwi usiku, akiwa binti mdogo, vita ilipoanza, familia ikakaa kwanza katika makazi ya wakimbizi ya Rutamba kabla ya kuja Mtwara. Nimeishi na bibi nyumba moja miaka kumi na tisa. Nilijua kwamba Kimakonde chake kina maneno tofauti na ya majirani, lakini sikuwahi kuuliza kwa nini.

Baba mdogo amekubali niombe historia iwe programu yangu, nikichukua kozi za uhusiano wa kimataifa kuanzia mwaka wa kwanza kadiri chuo kitakavyoruhusu. Sharti lake ni kwamba nikimaliza nisome stashahada ya elimu iwapo kazi nyingine itachelewa, nami nimelikubali bila kinyongo.

Ninao muda wa miezi kadhaa kabla ya kufungua chuo. Babu wa Lindi, ungeniambia nianzeje na bibi? Ana umri mkubwa na huchoka haraka, nami naogopa kumuuliza vibaya.

---

Mstaafu wa Lindi amejibu:

Mjukuu wangu, usianze na vita. Anza na mtumbwi: ulikuwa wa nani, nani alipiga kasia, walibeba nini na waliacha nini. Mtu mzee husahau mwaka lakini hasahau alichokiacha. Muulize asubuhi anapokuwa na nguvu, nusu saa tu, kisha msaidie kazi aliyokuwa akiifanya. Rekodi kwa simu ukiwa umemwomba ruhusa, na jioni uandike maneno yake kama alivyoyasema, kwa Kimakonde chake, kabla hujayaweka katika Kiswahili chako. Andika tarehe ya mazungumzo, na nani mwingine alikuwepo, kwa kuwa watu husema tofauti mbele ya watoto wao.

Akikuambia jambo usiloliamini, usimsahihishe. Liandike, kisha umuulize mtu mwingine aliyevuka wakati ule; Rutamba bado wapo wachache, na mimi ninawafahamu wawili. Ukipata ruhusa ya baba mdogo, njooni wote Lindi wiki ya kwanza ya mwezi ujao, nitawapeleka.

Na muulize bibi kama alipata kuiona kambi ya Nachingwea. Nami ningependa kujua.